Meno Meusi ya Piano ya Mama Virginia

Jumatatu, 12 Julai 1971

Baridi kali hapa Mutuini. Ukungu mpaka mlangoni. Lakini mimi Tobias nasikia joto mwili mzima, kwa sababu tangu saa kumi na moja jioni ya leo mimi ni mwalimu wa piano.

Ilikuwa hivi. Mama Virginia, mwenye nyumba wetu, alinunua piano kwa memsahibu mmoja wa Kilimani anayerudi kwao Uingereza. Ilifika juu ya trekta ya mumewe, Mzee Gichuru, imelalia majani ya ng'ombe. Wapangaji wote tuliitwa kuishusha. Sasa ni wiki nzima imesimama sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake, na picha ya harusi juu ya kitambaa, na hakuna mtu wa kuipiga. Wanawake wa kanisa wameanza kuchekea mikononi. Wanasema amenunua kabati lisilo na rafu. Leo ametangaza uani kwamba anatafuta mtu wa kumfundisha binti yake, Virginia, wa miaka tisa, apige wimbo mmoja kwenye sherehe ya kanisa tarehe 31. Mtu huyo atapewa chumba cha mbele kwenye ploti yake ya Dagoretti Corner, mwaka mzima bila kodi.

Chumba cha mbele! Mke wangu Philister ni fundi wa nguo. Anashonea kati ya kitanda na jiko, na moshi unamwingia machoni. Miaka mitatu anaota dirisha la barabarani. Basi mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi nimefundisha piano tangu kwetu Yala.

Kweli kabisa, piano sijawahi kuigusa, ila hiyo siku ya kuishusha. Mimi ni tarishi wa ofisi ya bima mjini. Lakini nimeimba kwaya miaka kumi na moja, na solfa naijua kuliko jina langu. Do ni do, iwe mdomoni au ndani ya kabati.

Jumanne, 13 Julai

Mama Virginia hataki maneno matupu. Anasema watu wa kwaya tunaongea sana. Anataka dhamana.

Nikaangalia nyumbani mwangu. Kitanda. Jiko. Redio isiyo na betri. Cherehani ya Philister. Philister mwenyewe yuko Yala na mtoto wetu Peres, anamuuguza mama yake, na harudi mpaka katikati ya mwezi wa nane. Cherehani haina kazi mpaka hapo. Tumepatana hivi: Virginia akipiga wimbo kwenye piano mbele ya watu, nachukua chumba na cherehani yangu. Asipopiga, cherehani inabaki kwa Mama Virginia milele.

Niliibeba mwenyewe kichwani, nimeifunika shuka kama maiti. Philister aliinunua kwa kufuma sweta za watu miaka miwili. Nilivuka ua mbio mbio, lakini labda ni kwa sababu ya baridi. Si kwamba nimeiuza! Nimeihamisha tu, hatua arobaini. Akirudi ataikuta dirishani Dagoretti Corner na atalia kwa furaha. Nimeshachagua mahali pa kusimama nikimwangalia akilia.

Alhamisi, 15 Julai

Somo la kwanza. Nimevaa tai.

Jambo la kwanza, sijui vile vitu vya kubonyeza vinaitwaje. Nimeviita meno. Meno meupe ni hamsini na mawili, nimeyahesabu. Nimechukua chaki ya kushonea ya Philister, ile ya bluu, nikaandika solfa juu ya kila jino, do, re, mi, fa, kutoka jino la kwanza kushoto mpaka ukutani. Ni akili ya ajabu, nashangaa wazungu hawakuiona. Mtoto anasoma jino, anabonyeza jino. Mambo kwisha!

Virginia ni mtoto wa maswali. Akauliza meno meusi ni ya nini. Mama Virginia alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Nikasema hayo ni ya matanga. Hupigwa mtu akifa tu, na mtoto akiyagusa bila sababu anaweza kuleta msiba nyumbani. Virginia akarudisha mikono mapajani. Mama Virginia akaja akatandika kitambaa juu ya meusi yote, kimoja chembamba, na kuniuliza kama niongezewe chai.

Jumamosi, 17 Julai

Balaa! Nimemfundisha Virginia wimbo wangu wa mavuno, ule nilioutunga mwenyewe, wa kuruka na kupiga makofi. Mtoto amefuata herufi vizuri sana. Wimbo umetoka unalia. Unaomboleza! Mzee Gichuru alivua kofia. Mama Virginia akauliza mbona mavuno yangu yana huzuni hivi, kwani mahindi yalioza?

Nikasema piano imepata homa ya Julai, imezoea sebule za Kilimani zenye moto ukutani. Wakailetea jiko la makaa. Walipotoka kwenda kukamua ng'ombe nilifuta chaki yote kwa mkono wa koti na kusogeza do jino moja kulia. Mbaya zaidi. Nikafuta, nikasogeza tena. Jino la tatu! Do imejificha kwenye jino la tatu kutoka kushoto! Wimbo ukaruka kama mbuzi. Mama Virginia aliporudi alisema, haiya, kumbe ilikuwa baridi kweli. Jiko limebaki pale pale, na kila somo tunalipepea.

Jumatano, 21 Julai

Leo bosi alinituma kupeleka bahasha hoteli moja kubwa ya katikati ya mji. Na nani anapiga piano pale ukumbini saa ya chakula? Shemeji Dalmas, kaka yake Philister! Na tai ya kipepeo! Huyu bwana alijifunza piano kwa wamisionari, ana cheti, na anapenda sana kukitaja. Mimi na yeye hatupatani tangu harusi yangu, aliposema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba sauti yangu inafaa kufukuzia ndege shambani.

Nilijificha nyuma ya mti wa kwenye chungu nikatazama mikono yake. Anagusa meusi. Anayagusa sana! Na watu wanaendelea kula samaki, hakuna aliyekufa. Imenisumbua moyo kidogo. Lakini nikafikiri: hoteli ni kubwa, huenda kuna mtu amefariki ghorofani.

Aliniona. Akaniuliza nafanya nini mtini. Nikamwambia napeleka bahasha. Akauliza habari za dada yake na za cherehani, eti anataka kushonewa suruali. Nikamwambia cherehani iko salama kabisa, na huo si uongo, kwa maana iko chini ya kitanda cha Mama Virginia.

Jumamosi, 24 Julai

Sifa zimeenea! Mutuini nzima inataka piano. Leo nimepata wanafunzi wengine sita, wa majirani. Piano ni moja, na Mama Virginia hataki watoto wa watu waweke makamasi juu yake. Mwalimu mwingine angekwama. Mimi nimevunja masanduku ya chai, nikapima meno kwa futi ya Philister, nikachora ubao mfupi kwa kila mtoto, meno meupe ya katikati tu na solfa juu yake, meusi nimeyaacha. Kila mtoto anabeba piano yake nyumbani chini ya kwapa. Anaweka juu ya meza, au magotini, au juu ya debe, anafanya mazoezi. Haili nafasi. Hata mvua ikinyesha unaifunika tu.

Shida moja: haitoi sauti. Nimesema basi kila mtoto aimbe mwenyewe kile anachobonyeza. Nimewagawa, wengine sauti ya kwanza, wengine ya pili, kama kwaya, kwa sababu hicho ndicho ninachojua. Saa hii naandika na nasikia do mi so kutoka kila nyumba. Mtoto mmoja, Wanjira, wa miaka sita, analala na ubao wake. Mama yake anasema amemkuta usingizini vidole vinacheza juu ya blanketi. Sijui kwa nini jambo hilo limenifurahisha kuliko chumba chenyewe.

Jumanne, 27 Julai

Virginia anapiga wimbo wote bila kukosea! Na hao wengine sita wanabonyeza mbao zao na kuimba nyuma yake. Mama Virginia alinikatia nyama ya mbavu. Amealika kanisa zima, mchungaji, na wale wanawake wote waliocheka. Nilitembea kurudi nyumbani, hatua arobaini, nikaruka zote.

Nimepata barua ya Philister. Mama yake amepona, kwa hiyo anapanda treni Ijumaa na atafika Nairobi Jumamosi asubuhi, tarehe 31.

Tarehe 31! Yawa! Nilikaa kitandani. Halafu nikaona ni baraka tupu. Sherehe ni saa nane. Atafika amechoka, atalala, mimi nitamaliza kazi yangu, na akiamka nitampeleka Dagoretti Corner. Mpango hauna hata tundu moja.

Ijumaa, 30 Julai

Nimepita kwa Mama Virginia jioni. Nyumba inanuka mafuta ya taa na nta ya viatu. Ana furaha, anaimba, amefunga kilemba. Akasema kesho nitaona jambo, ila hataki niingie sebuleni leo. Wanawake na siri zao! Nimepiga pasi tai.

Jumamosi, 31 Julai

Naandika nikiwa nje, juu ya ndoo. Nitaeleza.

Piano ilifika kwenye ukumbi wa kanisa kwa mkokoteni wa punda. Watu walisimama kuitazama. Inang'aa! Ukiinama unaona uso wako. Mama Virginia alinishika mkono akaniambia ndiyo ile siri yake: ameipiga piano mswaki. Siku mbili, yeye na Mzee Gichuru, mafuta ya taa kwanza, nta baadaye, jino kwa jino. Alisema kulikuwa na uchafu wa bluu uliomsumbua sana, na hata kale kakitambaa ameondoa ili watu waone piano nzima.

Nilitafuta chaki mfukoni. Nilikuwa nimeiacha nyumbani, juu ya chaga, ule ubao wa kuwekea vitu, mahali cherehani ilipokuwa.

Virginia aliitwa. Alivaa gauni jeupe na soksi. Akaketi. Akatazama meno. Akanitazama mimi. Watu mia mbili wakanyoosha shingo, na mimi nikaonyesha do kwa pua, maana mikono ilikuwa bado mifukoni. Akabonyeza jino moja. Halikuwa do. Akabonyeza jingine. Hilo lilikuwa mbali hata zaidi. Mwanamke mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kucheka. Nikaona mdomo wa Virginia unaanza kukunjika, na nikajua hapo hapo kwamba mtoto huyu atalia mbele ya watu kwa ajili yangu. Ukweli, wakati huo sikukumbuka cherehani wala chumba. Nilitaka ardhi inimeze.

Wanjira akasimama. Akachomoa ubao wake ndani ya sweta. Akatembea mpaka kwenye piano na kumwekea Virginia ubao juu ya meno, sawasawa, kama anayetandika meza. Virginia akafuta pua. Akaanza kubonyeza ubao na kuimba. Do, do, mi, so. Wale wengine wakachomoa mbao zao, wakaketi chini sakafuni, wakabonyeza na kuimba, sauti ya kwanza, sauti ya pili. Piano ilikaa kimya kabisa na wimbo ukajaa ukumbi! Waliimba juu juu, kwa woga, lakini waliimba pamoja, sijapata kusikia watoto wakiimba hivyo. Mchungaji alifuta miwani. Yule wa kikohozi alipiga makofi. Mimi nililia, na siyo kidogo.

Mama Virginia hakulia. Alisema, mbele ya watu, kwamba yeye alinunua piano, hakununua ubao, na patano ni patano.

Hapo sauti ya kiume ikasema samahani, wampishe kidogo. Shemeji Dalmas! Na tai yake ya kipepeo! Akamwomba Virginia asogee, akauondoa ubao kwa heshima na kumrudishia Wanjira, akawaambia watoto waanze tena. Akawatafuta kwa kidole kimoja, huku, huku, mpaka akawapata walipokuwa wanaimba. Na walikuwa wapi? Kwenye meusi! Mikono yote miwili, meusi, meusi, meusi!

Watoto wakakatiza wimbo katikati ya neno. Wanjira akapiga ukelele ambao nafikiri ulisikika Kilimani: Mwalimu, nani amekufa?

Jibu likatoka mlangoni. Sauti naijua. Philister alikuwa amesimama pale na Peres mkononi, kikapu cha samaki kichwani, na vumbi la treni usoni. Alijibu kwamba bado hajafa mtu, lakini jioni haijafika.

Alifika saa nne asubuhi. Akakuta chaga tupu na chaki juu yake. Majirani walimweleza mengine yote, kwa hamu kubwa. Akaenda mjini kumchukua kaka yake.

Sasa Philister na Mama Virginia wako ndani saa nzima. Mimi niko juu ya ndoo. Watoto wamepita wote kunipa mkono wa pole.

Jumapili, 1 Agosti

Niko hai.

Mambo yamemalizwa bila mimi, na yamemalizwa vizuri, jambo linaloniuma kidogo. Dalmas atamfundisha Virginia kila Jumamosi, kwa sababu alikitaja cheti chake, na Mama Virginia anapenda cheti. Watoto wale saba wameombwa na mchungaji waimbe kila mwezi, pamoja na mbao zao, na kila mmoja atashonewa sare. Atakayeshona ni Philister. Atashonea wapi? Chumba cha mbele, Dagoretti Corner! Mama Virginia alimwambia kwamba mwanamke aliyeweza kukaa na mume wa aina hii miaka sita ni mpangaji wa kutegemewa.

Cherehani ilitolewa chini ya kitanda. Sindano imevunjika, Mama Virginia alijaribu kushona pazia. Niliibeba kichwani mpaka Dagoretti Corner, mchana kweupe, bila shuka, ndiyo adhabu yangu, na kila mtu njiani aliniuliza naenda kufundisha nini.

Philister aliiweka dirishani. Akapitisha kiganja juu yake polepole, akalia. Lakini siyo ile furaha niliyopanga. Aliniambia kwamba jana alipoingia na kukuta chaga tupu alifikiri nimekufa, kwa sababu alijua nikiwa hai siwezi kuigusa. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimechagua kusimama. Niliona aibu, kubwa, ya kweli, naiandika mara moja na siandiki tena.

Ameniapisha. Mkono juu ya Biblia, Dalmas akiwa shahidi na tai yake. Nimeapa kwamba sitaweka cherehani ya Philister dhamana tena, kwa mtu yeyote, maisha yangu yote. Na nimewaambia watoto ukweli kuhusu meno meusi. Wanjira hakuamini. Alisema tuone kwanza.

Jumatano, 4 Agosti

Siku njema sana! Jua limetoka!

Bosi amenituma Kilimani kwa wakili mmoja, Bwana Muchiri. Mlangoni namsikia akimlalamikia mkewe kwamba mtoto wao amenunuliwa fidla na Nairobi nzima hakuna mwalimu mwenye nafasi. Fidla! Nilisimama na bahasha yangu nikafikiri haraka. Piano iliniangusha kwa sababu moja tu: ina meno, na meno yana herufi, na herufi hufutika. Fidla haina jino hata moja. Hakuna wa kuipiga mswaki! Nyuzi nne tu. Solfa ina saba, kwa hiyo itakuwa rahisi karibu mara mbili.

Nimemwambia nimefundisha fidla tangu Yala. Akinipa kazi, atanunua mapazia yote ya nyumba yake kwa Philister. Vyumba kumi na viwili! Nimeshaona mahali pa kusimama nikimwangalia Philister akifurahi.

Wakili naye ni mtu wa dhamana, kama mawakili wote. Lakini mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Cherehani iko dirishani, salama, nimeipungia mkono nikipita leo jioni. Nimepeleka pasi. Pasi haikutajwa kwenye Biblia. Na Philister anaihitaji Ijumaa tu, kwa zile sare za watoto, na leo ni Jumatano.